Dawa ya bure ya daktari nayo ipite dirishani

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nieleze jambo nililoliona kwa miaka mingi nikiwa kazini kama mfamasia, na ambalo hata baada ya kustaafu limenifuata mpaka barazani kwangu. Nazungumzia sampuli za dawa, yaani vile vipakiti vidogo ambavyo wawakilishi wa kampuni za dawa huviacha kwa madaktari bila malipo, na ambavyo daktari, mara nyingi kwa nia njema kabisa, huvitoa kwenye droo ya meza yake na kumpa mgonjwa akaanze navyo.

Miezi michache iliyopita bibi mmoja jirani yangu hapa Tanga, mwenye presha ya siku nyingi, alikuja nyumbani asubuhi akiwa amevimba miguu hata kandambili zilikuwa hazimwingii. Usiku wake aliinuka kwenda msalani, akashikwa na kizunguzungu, akaanguka, na kilichomwokoa ni kuwa aliangukia godoro la mjukuu wake. Nilimwomba anionyeshe dawa anazotumia, naye akanipa bahasha ya kaki ya hospitali, yenye jina lake na maelezo ya kunywa kidonge kimoja kila siku. Nilipouliza kama hakuna nyingine, alisita kidogo, kisha akafungua pindo la kanga na kutoa vipakiti vinne vinavyong'aa, viwili vikiwa vitupu. "Hizi sikununua, mwanangu, nimepewa tu," alisema, kana kwamba dawa isiyolipiwa haihesabiwi kuwa dawa.

Vidonge vya hospitali vilikuwa amlodipini, dawa ya presha inayotumika sana nchini. Vile vya kwenye vipakiti vilikuwa na dawa mbili ndani ya kidonge kimoja, telmisatani pamoja na amlodipini ileile, ila juu ya pakiti lilikuwa limeandikwa kwa herufi kubwa jina la kibiashara, na majina ya dawa zenyewe yamewekwa chini kwa herufi ambazo mimi mwenyewe nilizisoma baada ya kutafuta miwani. Kwa hiyo bibi alikuwa anakunywa amlodipini mara mbili kwa siku, na juu yake anaongeza dawa nyingine ya kushusha presha. Kuvimba miguu ni athari inayofahamika ya amlodipini, na kadiri dozi inavyopanda ndivyo uwezekano wa kuvimba unavyopanda. Daktari wa kliniki binafsi aliyempa sampuli alimuuliza kama anatumia dawa yoyote, naye akajibu ndiyo, ya presha. Jina hakulijua, na bahasha alikuwa ameiacha nyumbani. Katika daftari lake la kliniki hakukuwa na hata mstari mmoja kuhusu vipakiti vile.

Simlaumu daktari yule kwa moyo wake. Alimwona mama mtu mzima ambaye presha yake imegoma kushuka, akafikiri kwamba kumwandikia dawa ya bei kubwa ni kumrudisha nyumbani mikono mitupu, basi akampa alichokuwa nacho. Ninachosema ni kwamba dawa ile ilimfikia mgonjwa kwa njia ya mkato, na ni hiyo njia ya mkato inayonitia hofu kuliko dawa yenyewe.

Watu wengi hudhani kazi ya dirisha la dawa ni kuhesabu vidonge na kupokea fedha. Cheti kinapofika dirishani kinasomwa na mtu wa pili, ambaye hakukiandika na ambaye kazi yake ni kukitilia shaka. Anaangalia jina la dawa na nguvu yake, anaulinganisha na umri wa mgonjwa, anauliza kama ni mjamzito au ananyonyesha, kama aliwahi kudhurika na dawa za salfa au penisilini, na kama kuna nyingine anayoitumia nyumbani. Kisha anaitazama tarehe ya mwisho wa matumizi, anaandika maelekezo juu ya bahasha kwa lugha ambayo mgonjwa anaielewa, na mwisho anaingiza yote kwenye rejesta. Katika miaka yangu dirishani nimewarudishia madaktari, wakiwemo mabingwa, vyeti vyenye desimali iliyokaa mahali pasipo pake au dawa mbili zisizopatana, na wengi walinishukuru, ingawa wapo walionuna. Sampuli ya mezani hupita pembeni mwa haya yote. Anayeamua dawa, anayeitoa, anayeielekeza na anayeihakiki ni mtu mmoja, tena mtu huyo ana foleni ya watu arobaini nje ya mlango wake.

Hata pakiti yenyewe ina mashaka yake. Sampuli nyingi zinazozunguka kwetu zimepigwa mhuri kwa Kiingereza kwamba ni sampuli ya daktari na haiuzwi, maneno ambayo kwa mgonjwa asiyesoma lugha hiyo hayana maana yoyote. Kikaratasi cha maelezo, kama kilikuwamo, hubaki kwenye boksi kubwa ambalo mwakilishi alilifungua ili agawe kidogo kidogo. Na daktari anapoona vidonge kumi ni vingi, huchukua mkasi akakata karatasi ya vidonge katikati. Asichokumbuka ni kwamba tarehe ya mwisho wa matumizi na namba ya bechi, yaani ya mkupuo wa dawa uliotengenezwa pamoja kiwandani, huwa zimechapwa upande mmoja tu, kwa hiyo mgonjwa wa kwanza anaondoka na vidonge vyenye tarehe, na wa pili anaondoka na vidonge visivyo na tarehe, wala namba, na pengine jina la dawa limekatwa katikati.

Kuna na suala la joto, ambalo sisi wa pwani hatuhitaji kufundishwa. Dawa nyingi zimeandikwa zihifadhiwe pasipozidi nyuzi 25 au 30 za Selsiasi, na insulini ambayo haijafunguliwa inatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Bohari na famasi zina vipima joto, na wakaguzi hufika kuvitazama. Sampuli huanza safari yake kwenye buti la gari la mwakilishi, gari limeegeshwa juani nje ya hospitali wakati wa kaskazi huku mwenyewe amekaa kwenye benchi akisubiri daktari amalize wagonjwa, kisha huhamia kwenye droo ya chumba ambacho feni yake huzunguka umeme ukiwapo. Hakuna anayeiandikia joto lake mahali popote. Dawa iliyoharibika kwa joto mara nyingi haibadiliki sura, bali hupungua nguvu tu, na mgonjwa huonekana kuwa ndiye hatii masharti. Zipo nyingine ambazo kuharibika kwake kuna sumu: mwaka 1963 madaktari wa Marekani waliripoti wagonjwa walioumia figo baada ya kumeza vidonge vya tetrasaiklini vilivyokwisha muda na kuoza, na ndiyo maana wafamasia wa rika langu tulikaririshwa habari hiyo chuoni kana kwamba ni jedwali la kuzidisha.

Lakini hatari ambayo naiona kubwa kupita zote ni ile ya dawa kutokuwa na nyayo. Ninaposema nyayo nina maana ya maandishi yanayomwezesha mtu, siku dawa inapogundulika kuwa na kasoro, kurudi nyuma na kusema: dawa hii, ya bechi hii, alipewa fulani, siku fulani, vidonge kadhaa. Historia imekwisha kutoa funzo lake hapa, na ilikuwa kwa gharama ya watoto.

Mnamo Septemba 1960 kampuni ya Richardson-Merrell iliomba kibali cha kuuza Marekani dawa ya usingizi na kichefuchefu iliyokuwa inauzwa Ulaya, thalidomidi. Ombi lilikabidhiwa kwa Dkt. Frances Kelsey, mkaguzi mgeni kabisa katika mamlaka ya dawa ya nchi ile, na yeye akakataa kuweka saini kwa kuwa ushahidi wa usalama haukumtosha. Kampuni ilimsumbua kwa barua na simu, akashikilia msimamo wake, na hatimaye Novemba 1961 dawa hiyo ikaondolewa sokoni Ujerumani baada ya kuhusishwa na watoto waliozaliwa bila mikono au miguu. Duniani kote watoto walioathirika walizidi 10,000. Kelsey anasifiwa kwa kuiokoa Marekani, na sifa hiyo ni halali yake, Rais John F. Kennedy akamvisha nishani Agosti 1962.

Sehemu ambayo husimuliwa mara chache ni kwamba dawa ambayo haikupata kibali ilikuwa imekwisha kuingia majumbani. Kwa jina la majaribio, kampuni ile ilikuwa imegawa vidonge takriban milioni 2.5 kwa madaktari zaidi ya 1,200, nao wakawapa wagonjwa wapatao 20,000, wakiwemo mamia ya wajawazito. Wengi wa wagonjwa hao hawakuambiwa kwamba wanachopewa bado ni cha majaribio. Ilipofika wakati wa kukusanya vidonge vile, ikadhihirika kwamba madaktari wengi hawakuwa wameandika walimpa nani wala kiasi gani, na baadhi walikuwa hawajachukua hatua yoyote ya kuwatafuta wagonjwa wao. Ndipo Kennedy, mbele ya waandishi wa habari tarehe 1 Agosti 1962, akalazimika kuwasihi kina mama wa nchi nzima wakague makabati yao ya dawa na kurudisha watakachokikuta. Rais wa taifa tajiri namna ile, lenye hospitali na mafaili na taipu, anawaomba watu wapekue makabati kwa sababu hakuna orodha! Watoto 17 walitambuliwa Marekani kuwa walizaliwa na ulemavu uliotokana na dawa hiyo, na mwezi Oktoba mwaka uleule sheria ya dawa ikabadilishwa, ikataka ushahidi wa kufaa kwa dawa na ridhaa ya anayejaribiwa.

Mtu anaweza kuniambia kwamba thalidomidi haikuwa sampuli kama tunazozijua leo, bali dawa ya majaribio. Nakubali. Ila namna ilivyosafiri ni ileile: kutoka kampuni mpaka droo, kutoka droo mpaka mkoba wa mgonjwa, bila dirisha katikati.

Wamarekani walirudi kwenye suala la sampuli zenyewe miaka ishirini na tano baadaye, walipobaini kwamba zilikuwa zinakusanywa, zinatolewa kwenye pakiti zake na kuuzwa upya. Bunge lao likatunga sheria ya uuzaji wa dawa inayobeba mwaka 1987, iliyotiwa saini Aprili 1988, ikapiga marufuku kuuza au kununua sampuli, na ikamtaka daktari aombe kwa maandishi na kusaini anapopokea. Nimeisoma sheria hiyo kwa makini ya mtu wa rejesta, na pengo lake ni moja, nalo ni kubwa. Inahesabu vidonge kuanzia kiwandani mpaka saini ya daktari, na pale pale hesabu inakoma. Jina la mgonjwa halitakiwi. Kampuni inajua kwa hakika kwamba daktari fulani alipokea pakiti arobaini. Aliyemeza vidonge vya pakiti ya arobaini anajulikana kwa daktari peke yake, endapo anamkumbuka.

Matokeo ya pengo hilo yalionekana kwa Vioxx, dawa ya maumivu ya viungo iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1999 na kutangazwa kwa nguvu kubwa, sampuli zake zikamiminwa kwenye kliniki. Tarehe 30 Septemba 2004 kampuni ya Merck iliiondoa dawa hiyo duniani kote, baada ya utafiti kuonyesha kwamba walioitumia zaidi ya miezi kumi na minane walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya shambulio la moyo na kiharusi. Aliyeipata famasi alikuwa na jina kwenye kumbukumbu, na angeweza kupigiwa simu. Aliyekuwa anaishi kwa sampuli, mwezi hadi mwezi, hakuwamo katika orodha ya mtu yeyote.

Watoto nao hawakusalimika. Watafiti wa Marekani waliochunguza takwimu za mwaka 2004 walikuta kwamba kati ya dawa 15 zilizogawiwa zaidi kwa watoto kama sampuli, 4 ziliongezewa au kubadilishiwa onyo zito kabisa, lile linalochapwa ndani ya kisanduku cheusi, katika miaka michache iliyofuata. Sababu haihitaji utafiti mwingine. Kampuni haigawi bure dawa kongwe ambayo dunia imeizoea. Inagawa mpya, inayotafutiwa wateja, na upya huo ndio unaomaanisha kwamba madhara yake adimu bado hayajajitokeza, kwa kuwa majaribio ya watu elfu chache hayawezi kufichua dhara linalompata mtu mmoja katika elfu ishirini.

Najua jibu litakalokuja, kwa kuwa nimelisikia mara nyingi kutoka kwa madaktari ninaowaheshimu: sampuli humsaidia maskini. Ni kweli zipo siku inakuwa hivyo, na nimewaona wagonjwa walioondoka na tabasamu. Lakini tukitaka kuamua kwa hesabu badala ya hisia, hesabu zilizopo haziliungi mkono jibu hilo. Uchunguzi uliotumia takwimu za Marekani za mwaka 2003 ulikuta kwamba waliopata sampuli walikuwa asilimia 12.9 ya watu waliokuwa na bima mwaka mzima, na asilimia 9.9 ya wale ambao kwa kipindi fulani au mwaka wote hawakuwa na bima. Aliye na uwezo ndiye anayeonana na daktari mara nyingi, katika kliniki nzuri, ambako wawakilishi hupenda kwenda. Kwa hiyo ndiye anayekutwa na droo iliyojaa. Hapa kwetu hali inaonekana kwa macho. Sijawahi kumwona mwakilishi wa kampuni akipanda bodaboda kwenda zahanati ya kijijini kuacha sampuli.

Wala bure hii si sadaka. Mwaka 2016 sampuli zilizogawiwa Marekani zilikadiriwa kuwa na thamani ya dola bilioni 13.5, fungu kubwa kuliko mengine yote katika fedha zilizotumika kuwashawishi watoa huduma za afya. Matunda ya fungu hilo yalipimwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford katika makala iliyotoka mwaka 2014, walipolinganisha madaktari wa ngozi wa nchi nzima na wenzao wa kituo kimoja cha chuo ambako sampuli zimepigwa marufuku. Kwa ugonjwa uleule wa chunusi, madaktari wa nchi nzima waliandika dawa zenye majina ya kibiashara kwa asilimia 79, na wale wasio na sampuli kwa asilimia 17, na gharama ya dawa kwa ziara moja ikawa wastani wa dola 465 upande mmoja na kama dola 200 upande mwingine. Mkono wa daktari umezoea jina lililo kwenye droo, basi hata droo ikiwa tupu, mkono unaandika jina lilelile.

Na hapo suala la fedha linageuka kuwa suala la usalama. Mgonjwa wa presha au moyo aliyeanzishiwa sampuli za wiki mbili, zikaisha, akaambiwa famasi kwamba pakiti moja ni kiasi ambacho hata kwa kuuza mbuzi hakifiki, anaacha. Anaacha ghafla, na mara nyingi haoni sababu ya kurudi kwenye dawa ya zamani kwa sababu aliambiwa hii ndiyo bora. Kwa baadhi ya dawa, kama zile za kundi la atenololi na propranololi, kuacha ghafla kunaweza kuufanya moyo uende mbio na kuleta maumivu ya kifua, na presha ikarudi kwa kishindo. Kuhusu antibayotiki sitasema mengi, maana kila msomaji amekwisha sikia habari ya usugu wa vimelea. Niseme tu kwamba vidonge sita vya sampuli kwa ugonjwa unaotaka vidonge kumi na nne si nusu ya tiba.

Kuna njia nyingine ambayo sampuli huingilia nyumbani, nayo ni masanduku ya ndugu zetu walioko Marekani. Mara kadhaa nimeombwa kusoma vichupa ambavyo mtoto au mkwe alipewa kliniki huko, akavikusanya kwa upendo na kumletea mzazi likizoni. Nyingine ni dawa ambazo huku hazipatikani kabisa, kwa hiyo zikiisha hakuna pa kuzifuata, na daktari wa hapa akiulizwa kuhusu madhara yake anaanza kutafuta kwenye simu. Upendo huo naomba uletwe kwa sura ya fedha za kununulia dawa aliyoandikiwa mzee na daktari wake.

Sasa niseme ninachoomba. Mimi binafsi ningefurahi kuona hospitali zetu zikifanya kama kile kituo cha Stanford, zikazikataa sampuli mlangoni. Natambua hilo halitatokea kesho, na Shirika la Afya Duniani lenyewe, katika vigezo vyake vya maadili ya utangazaji wa dawa vya mwaka 1988, liliruhusu sampuli kwa kiasi kidogo na kwa kuombwa na daktari. Nchi za Umoja wa Ulaya zilikwenda mbele zaidi katika mwongozo wao wa mwaka 2001: ombi la maandishi lenye saini na tarehe, pakiti isizidi ile ndogo kabisa iliyopo sokoni, iambatane na maelezo kamili ya dawa, na dawa za kulevya zisitolewe sampuli kabisa. Hayo ni mambo ambayo Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba na Baraza la Famasi wanaweza kuyasimamia kwa uzito wakishirikiana na vyama vya madaktari.

Ila lipo moja ambalo halihitaji kungoja waraka wa mtu. Kila hospitali na kliniki inayopokea sampuli iamue kwamba hazikai chumbani kwa daktari. Mwakilishi azikabidhi kwa mfamasia au fundi dawa sanifu, zihesabiwe, ziandikwe bechi na tarehe, ziwekwe kwenye kabati lenye kipimajoto pamoja na dawa nyingine. Daktari akitaka kumsaidia mgonjwa kwa sampuli, aandike cheti kama kawaida na kuweka alama kuwa ni ya bure, mgonjwa aende dirishani, aulizwe anayoulizwa kila mtu, aandikiwe bahasha kwa Kiswahili, na jina lake liingie kwenye rejesta na kwenye daftari lake la kliniki. Kwa kliniki ndogo ambayo haina mfamasia, ushauri wangu ni mkavu: isipokee. Na mgonjwa anayesoma barua hii, unapokwenda kwa daktari yeyote, beba dawa zako zote, hasa zile ulizopewa bure, kwa kuwa hizo ndizo ambazo hakuna mwingine anayezijua.

Nilikwenda kumwona yule daktari, si kwa ugomvi, maana tunafahamiana na ni mtu muungwana. Nilimweleza habari za bibi, akanyamaza kidogo, kisha akavuta droo yake yote akaimwaga mezani, tukazipanga. Zilikuwa aina kumi na moja za dawa. Nne zilikuwa zimepita muda, mbili zilikuwa vipande vilivyokatwa visivyosomeka, na moja hakuikumbuka aliletewa na nani. Zilizopita muda na zile zisizosomeka tulizifunga pembeni zipelekwe kuteketezwa kwa utaratibu, na zilizobaki akampa fundi dawa wake pamoja na kaunta buku mpya, akamwelekeza achore safu sita. Kabla sijaondoka alimwita tena, akamtajia jina la bibi jirani yangu, dawa aliyompa, idadi ya vidonge na tarehe kama alivyoikumbuka, ili liwe jina la kwanza. Namba ya bechi tuliiacha wazi mpaka jioni, nilipomtumia picha ya kipakiti nilichokuwa nimekihifadhi.

Mfamasia mstaafu,
Tanga